Nyuma ya Milango ya Waridi: Vipindi vya Kukarabati Moteli na Watu Wasioonyeshwa

Mwezi Agosti 2021 Netflix ilitoa kipindi cha sehemu sita kiitwacho Motel Makeover. Wahusika wakuu ni marafiki wawili wa Kanada, April Brown na Sarah Sklash, walioacha kazi zao za awali wakanunua moteli iliyochakaa katika Prince Edward County, jimbo la Ontario. Waliikarabati, wakaipaka milango rangi ya waridi, wakaipa jina The June Motel. Hiyo ya kwanza ilikuwa na vyumba 16. Kipindi kinawakuta wamejitwisha mzigo mzito zaidi: moteli nyingine yenye vyumba 24 huko Sauble Beach, kando ya Ziwa Huron, na kazi yenyewe inaangukia mwaka 2020, mwaka ambao korona ilifunga mipaka na kuwarudisha wasafiri majumbani.

Mtazamaji anapewa kila kinachopendeza katika kazi ya ujenzi. Zulia lililolowa unyevu linang'olewa. Karatasi za ukutani zinabandikwa, taa za zamani zinashushwa, godoro jipya linaingia na shuka nyeupe inatandikwa juu yake. Mwishoni mlango unafunguliwa, muziki unapanda, na chumba kilekile kilichotia huzuni wiki chache nyuma kinang'aa. Raha hiyo ni ya kweli na mimi naipata kila ninapotazama. Jengo lililoachwa life likifufuliwa, hata mtu asiyemiliki tofali moja hujisikia amepata kitu.

Swali langu linaanzia hapo. Vipindi vya namna hii, ambavyo sasa ni vingi, vinatufundisha nini kuhusu nyumba ya kulala wageni, na ni nini vinachokiacha nje ya picha? Jibu ninalolitetea katika uchambuzi huu ni kwamba vimetufundisha kuutazama ukuta kwa makini sana, na kwa kufanya hivyo vimetuzoesha kutowaona watu: aliyekuwa na moteli hiyo jana, anayefua shuka zake leo, na aliyelala humo wakati bei yake ilimtosha. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ina mgeni na ina mwenyeji. Ukuta haumo.

Jengo lililozaliwa na gari

Neno moteli lina umri wa karne moja tu. Desemba 1925 msanifu majengo Arthur Heineman alifungua Milestone Mo-Tel katika mji wa San Luis Obispo, California, takriban katikati ya safari ya Los Angeles na San Francisco. Aliunganisha neno la gari na neno la hoteli, akapata jina fupi ambalo wengine walilichukua haraka. Hoteli kubwa za wakati ule zilikaa mjini, jirani na stesheni ya treni, zikimsubiri abiria aliyeshuka na sanduku lake. Mwenye gari alikuwa na haja tofauti. Alitaka aegeshe mbele ya mlango wake, alale, na alfajiri aondoke bila kumpita mtu yeyote.

Haja hiyo ndiyo iliyolipa jengo umbo lake. Ghorofa ni moja au mbili. Vyumba vimepangwa kwa mstari, au kwa umbo la herufi L au U, na milango yote inatazama nje. Hakuna kumbi ndefu za ndani wala lifti, kwa hiyo ujenzi wake ulikuwa nafuu, na familia yenye akiba ndogo iliweza kuumudu. Bango la taa za neoni lilifanywa kubwa kwa sababu lilipaswa kusomwa na dereva aliye kwenye mwendo. Bwawa la kuogelea liliwekwa mbele, watoto waliochoka kiti cha nyuma walione na kuwasihi wazazi wasimame.

Kilichozifuga moteli hizo ndicho kilichoziua. Barabara ya Route 66, iliyoanzishwa 1926 kutoka Chicago hadi pwani ya California, ilipita katikati ya miji midogo, na kila mji ulipata wageni wake. Mwaka 1956 Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu wa maili 41,000. Barabara hizo mpya zilikwepa miji. Msafiri aliyekuwa akisimama mara nne njiani sasa alipita bila kukanyaga breki, na alipochoka alilala kwenye makutano makubwa, ambako kampuni zenye majina yanayojulikana zilikuwa zimejipanga. Kemmons Wilson alikuwa amefungua Holiday Inn ya kwanza huko Memphis tangu 1952, na biashara yake iliuza uhakika: chumba utakachokikuta leo ni sawa na kile ulichokiacha jana, maili mia tatu nyuma. Moteli ya familia haikuwa na jina la kushindana na hilo. Mwaka 1985 Route 66 iliondolewa rasmi katika orodha ya barabara kuu za taifa.

Historia hii ina uzito kwa sababu kipindi cha ukarabati huanza pale inapokoma. Kamera inaingia chumbani, inakuta ukungu darini na bomba linalovuja, na mtazamaji anaachwa ahitimishe mwenyewe kwamba mwenye mali wa zamani alikuwa mzembe. Wazembe walikuwepo, kama walivyo katika kila biashara. Lakini wengi kosa lao lilikuwa kubaki kando ya barabara ambayo serikali ilikuwa imeihamisha. Mtu huyo alipunguza bei ili apate wateja, bei ndogo ikamnyima fedha za matengenezo, matengenezo yakaahirishwa mwaka hadi mwaka, na jengo likaoza huku yeye analitazama. Msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta unamhusu, ila wapo ambao ufa waliuona mapema na fedha za saruji hawakuwa nazo.

Kipindi hupikwaje

Motel Makeover haikuzuka peke yake. Fixer Upper ya Chip na Joanna Gaines, iliyoanza 2013 katika mji wa Waco, Texas, ilikuwa imewazoesha mamilioni ya watazamaji kusubiri dakika ile ambayo mlango mpya unafunguliwa. Miaka kumi baadaye wanandoa hao walionyeshwa wakikarabati hoteli nzima katika mji huohuo. Huko Kanada tamthilia ya vichekesho ya Schitt's Creek, iliyorushwa tangu 2015 hadi 2020, iliisimulia familia ya matajiri waliofilisika na kulazimika kuishi moteli, na mwaka 2020 ikanyakua tuzo tisa za Emmy. Baada ya hapo moteli kuukuu haikuwa tena alama ya kushindwa tu. Ilikuwa mahali ambapo maisha yanaweza kuanza upya. Mwaka 2022 Discovery+ ikaleta Trixie Motel, ambamo msanii wa jukwaani Trixie Mattel na mwenzi wake wanaigeuza moteli ya vyumba saba huko Palm Springs, California, kila chumba kikipewa sura na hadithi yake.

Ukivitazama vipindi hivi mfululizo utaona vina mifupa inayofanana. Kwanza tunaonyeshwa uchafu, na unaonyeshwa kwa mwanga hafifu. Kisha panatangazwa tarehe isiyosogea, kwa kawaida siku ambayo wageni wa kwanza wameshalipia vyumba. Halafu vikwazo vinajitokeza kimoja baada ya kingine: mzigo umechelewa, fundi hakufika, mvua imeingia. Mwishoni vyote vinapatikana kwa wakati na mlango unafunguliwa. Miezi ya kazi inabanwa katika dakika chache, na mhariri ndiye anayeamua ni usiku gani wa kukesha tutauona na upi hatutauona.

Mbano huo una gharama. Fundi bomba aliyefumua ukuta na kuweka mabomba mapya amefanya kazi kubwa kuliko aliyebandika karatasi, lakini kazi yake imefunikwa na lipu na haipigiwi picha. Nyaya za umeme, mfumo wa maji taka, paa, njia ya kutokea wakati wa moto, kinga dhidi ya kunguni: haya ndiyo yanayoamua kama mgeni atalala salama, na ndiyo yanayopewa muda mdogo. Chumba kinapangwa kwa jicho la simu ya mkononi, kwa matumaini kwamba mgeni atapiga picha na picha ile itamleta mgeni mwingine. Kama mbinu ya kutafuta soko, sina neno nayo. Moteli ya kwanza ya Brown na Sklash ilivuma kwa njia hiyo, na biashara yenye mtaji mdogo ina haki ya kujitangaza inavyoweza. Shida inakuja pale mtazamaji anapoondoka akiamini kwamba kufufua nyumba ya wageni ni kuchagua rangi.

Nitakuwa mtenda haki kwa Motel Makeover. Kwa kuwa ilirekodiwa katikati ya janga, haikuweza kuficha hofu. Tunawaona wamiliki wawili wakikabiliana na bidhaa zilizokwama, na kuhangaika kama msimu utakuwepo au hautakuwepo. Katika dakika hizo kipindi kinakaribia ukweli wa kazi hii kuliko wakati wa kufungua mlango.

Hesabu isiyosomwa kwa sauti

Kinachokosekana zaidi ni hesabu. Hebu tuifanye sisi wenyewe kwa mfano wa kubuni, usiohusu moteli yoyote. Tuseme moteli ina vyumba 24 na iko ufukweni katika nchi ya baridi kali, hivyo msimu wa maana ni siku 120. Hiyo ni fursa ya kuuza usiku 2,880 wa chumba kimoja kimoja. Tuseme imejaa kwa asilimia 60, ambayo si vibaya, imeuza 1,728. Kwa bei ya zamani ya dola 80 imepata dola 138,240. Sasa tuseme mmiliki mpya amekopa dola milioni 2 kununua na kukarabati, kwa riba ya asilimia 6. Riba peke yake ni dola 120,000 kwa mwaka. Zinabaki dola 18,240 za kulipa wahudumu, dobi, umeme, bima, kodi ya jengo na bomba litakalopasuka Februari.

Kwa hesabu hiyo moteli imekufa kabla ya kufunguliwa. Ndiyo maana bei haina budi kupanda. Kwa dola 250 mauzo yaleyale yanaleta dola 432,000, na hapo mtu anaweza kupumua. Karatasi za ukutani, magodoro mazuri na milango ya waridi vina kazi moja kubwa, nayo ni kumfanya mgeni akubali kulipa mara tatu ya alichokuwa akilipa mwenzake wa jana. Tamaa haihitajiki kueleza jambo hili, deni linatosha. Lakini maana yake ni kwamba dakika mlango unapofunguliwa kwa vigelegele, mlango mwingine umefungwa kwa mtu mwingine, na kamera haikuwepo.

Viko vipindi vya jamii hii vilivyojali hesabu. The Hotel Inspector ya Uingereza, iliyoanza Channel 5 mwaka 2005 na kuongozwa na Alex Polizzi tangu 2008, huwauliza wenye nyumba maswali ya bei, usafi na huduma. Nchini Marekani, Hotel Impossible ya Anthony Melchiorri ilianza 2012, na yeye huingia akipekua vitanda na vitabu vya mauzo. Mwaka huohuo Gordon Ramsay alianza Hotel Hell. Vipindi hivi vinajua kwamba nyumba ya wageni ni uongozi kabla ya kuwa mapambo, na mwenye gesti yoyote anaweza kuokota humo somo la kweli: pima godoro kwa mgongo wako mwenyewe, jua kila chumba kinakuingizia kiasi gani, mlipe vizuri anayesafisha kwa sababu kazi yake ndiyo mgeni anayokutana nayo usiku kucha.

Hata hivyo navyo vina kasoro yao. Mtu anaonekana, ila anaonekana kama mshtakiwa. Mwenye nyumba analetwa mbele ya kamera afokewe, alie, akiri, kisha aokolewe na mgeni aliyekaa naye siku chache. Tumetoka kwenye kipindi kisichomwona mwenyeji wa zamani, tukaingia kwenye kipindi kinachomwona ili kimwaibishe.

Walioziweka hai

Nani basi aliziweka moteli hizi hai katika miongo ile ambayo hakuna aliyezitaka? Kwa Marekani jibu linajulikana, na lina uzi unaofika Afrika Mashariki.

Tangu miaka ya 1940 wahamiaji wachache kutoka Gujarat, India, walikuwa wameanza kuendesha hoteli ndogo huko San Francisco. Waliofuata walikopeshana fedha kwa kuaminiana, ndugu kwa ndugu na jirani kwa jirani, bila benki. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipopanda na Wamarekani wakapunguza safari, moteli nyingi ziliuzwa kwa bei ya chini. Wakati huohuo familia nyingi za Kigujarati zilikuwa njiani zikitafuta pa kuanzia upya, na baadhi yake zilitoka kwetu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Nchini Kenya sheria za uhamiaji na leseni za biashara za 1967 zilikuwa zimewasukuma wengine nje. Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha mwaka 1971, na wapo waliofunga virago baada ya hapo. Wengi walikwenda Uingereza na Kanada. Wengine walifika Marekani, na miongoni mwao wapo waliowekeza walichookoa katika moteli.

Moteli iliwafaa kwa sababu ilitatua shida mbili kwa mara moja: ilikuwa biashara na ilikuwa nyumba. Familia iliishi nyuma ya mapokezi. Baba alikaa kaunta hadi usiku wa manane, mama akatandika vitanda, watoto wakarudi shule na kukunja taulo. Hawakuajiri kwa sababu hawakuwa na cha kulipa. Baadhi ya washindani wao walitundika mabango barabarani yakitangaza kwamba moteli zao ni mali ya Wamarekani, ili msafiri aelewe kwamba ile ya jirani si ya Mmarekani. Kampuni za bima na benki ziliwawekea vikwazo. Mwaka 1989 waliunda chama cha wamiliki wa hoteli wa asili ya Asia, AAHOA, ambacho leo kina wanachama takriban 20,000, na kwa hesabu zake wanamiliki karibu asilimia 60 ya hoteli za Marekani.

Mira Nair, mwongozaji wa filamu aliyeishi kwa miaka mingi Kampala, aliliona hili mapema. Filamu yake Mississippi Masala ya 1991 inaifuata familia ya Kihindi iliyofukuzwa Uganda na kuishia kuishi katika moteli huko Mississippi. Baba anaendelea kudai haki ya nyumba yake ya Uganda, huku binti yake akimpenda Mmarekani Mweusi, aliyeigizwa na Denzel Washington. Moteli ndani ya filamu hiyo ni chakavu, na hakuna anayekuja kuipamba. Lakini ndani yake tunaona mambo ambayo vipindi vya ukarabati havijawahi kutuonyesha: kumbukumbu ya nchi iliyopotea, ubaguzi wa wanyonge kwa wanyonge wenzao, na kazi ya mikono isiyokwisha.

Nikitazama kipindi ambacho moteli inaitwa ya kutisha kabla hata mmiliki wake wa awali hajatajwa, nawakumbuka watu hao. Huenda zulia lile chakavu lilifagiliwa kwa miaka thelathini na mwanamke aliyezaliwa Jinja au Kisumu, aliyejua kupatana bei kwa Kiswahili sokoni kabla hajajua Kiingereza cha kaunta. Hakushindwa. Alisomesha watoto kwa vyumba vile.

Waliolala humo

Kuna na wageni. Kwa msafiri Mweusi wa Marekani, moteli ilikuwa suala la usalama kabla ya kuwa suala la starehe. Tangu 1936 Victor Hugo Green, tarishi wa New York, alichapisha kitabu cha mwongozo kilichoorodhesha mahali ambapo Mweusi angepokelewa, kwa sababu kwingineko angeweza kufukuzwa usiku akiwa na watoto. Sheria ya Haki za Kiraia ilipopitishwa Julai 1964, mmoja wa waliokimbilia mahakamani kuipinga alikuwa mwenye Heart of Atlanta Motel, yenye vyumba 216, aliyetaka abaki na haki ya kuwakataa Weusi. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia kwa kauli moja. Kwa hiyo mlango wa moteli ulishawahi kuwa mstari wa mbele wa kupigania utu.

Moteli iliyo maarufu kuliko zote inathibitisha hilo. Walter Bailey na mkewe Loree walinunua hoteli ndogo huko Memphis mwaka 1945, wakaiita Lorraine na baadaye wakaipanua kuwa moteli. Ray Charles, Aretha Franklin na Otis Redding walilala pale, kwa sababu pale walipokelewa. Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King alipigwa risasi akiwa kwenye baraza, mbele ya chumba namba 306. Loree Bailey alipata kiharusi siku hiyohiyo na akafariki baada ya siku chache. Mumewe aliendelea na moteli hadi ikamshinda. Mwaka 1982 iliuzwa kwa mnada, na wapenda kumbukumbu wa mji huo wakachanga fedha kuinunua wasije wakaipoteza. Mwaka 1991 ilifunguliwa kama Makumbusho ya Taifa ya Haki za Kiraia.

Sijui ukarabati wa moteli wenye sababu bora kuliko huo. Na bado nao ulikuwa na mtu wa kuondolewa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiishi na kufanya kazi humo alitolewa kwa nguvu mwaka 1988 ili ujenzi uanze. Aliweka meza yake upande wa pili wa barabara akakaa hapo kwa miongo kadhaa, akisema King angependa jengo lile liwahudumie maskini. Mtu anaweza kutokubaliana naye. Mimi naona makumbusho yana thamani kubwa. Lakini swali lake ni halali, na ndilo swali ambalo kila moteli inayokarabatiwa inapaswa kulijibu: aliyekuwa ndani amekwenda wapi?

Swali hilo si la zamani. Katika miji mingi ya Marekani moteli chakavu ni nyumba ya kudumu ya watu wasio na amana ya kupangisha. Wanalipa kwa wiki, watoto wanapanda basi la shule kutoka maegeshoni, chakula kinapikwa kwa jiko dogo la umeme. Mwaka 2020, mwaka uleule ambao moteli ya Sauble Beach ilikuwa ikibandikwa karatasi mpya, jimbo la California lilianzisha mpango wa Homekey, likawezesha hoteli na moteli kununuliwa ili kuwahifadhi watu wasio na makazi. Awamu ya kwanza ilipata takriban vyumba 6,000. Huo nao ni ukarabati wa moteli. Una bajeti, una mafundi, una tarehe za mwisho, na una mlango unaofunguliwa kwa mtu aliyekuwa akilala kwenye gari lake. Kama sehemu sita zingerekodiwa hapo, sidhani kama machozi ya mtazamaji yangepungua.

Hukumu

Vipindi vya kukarabati moteli vina faida, na sitaki aliyesoma hadi hapa aondoke akidhani navilaani. Vimeyaokoa majengo ambayo yangebomolewa. Vimeonyesha wanawake wakishika hatamu za biashara yenye mtaji mkubwa na kufanya maamuzi magumu hadharani. Vimeurudishia mji mdogo heshima ya kutembelewa. Kwa mtu mwenye gesti ya vyumba kumi kando ya barabara ya Dodoma au Nakuru, vinaweza kumpa wazo la rangi, la taa, la namna ya kumpokea mgeni kwa jina lake.

Lakini vinasimulia nusu ya habari, na nusu hiyo ikirudiwa mara nyingi inageuka kuwa imani. Imani yenyewe ni kwamba mahali pa bei rahisi ni mahali pa aibu, kwamba aliyepaendesha alikuwa hana akili wala jicho, na kwamba uzuri ulianza siku kamera ilipofika. Ushahidi nilioupanga hapa unasema vingine. Moteli ilichakaa kwa sababu barabara ilihamishwa. Iliendelea kusimama kwa sababu familia ya wahamiaji ilikesha kaunta. Ilikuwa na thamani hata katika uchakavu wake, kwa kuwa ilimpokea mtu ambaye hakuna kwingine angepokelewa.

Watayarishaji wa vipindi, wa huko na wa kwetu watakaoiga, wana jambo dogo la kufanya. Sehemu ya kwanza isianze na ukungu darini. Ianze na mtu aliyeuza jengo, akieleza alilinunua lini, alilipa nini na kilichomshinda ni nini. Bei ya chumba kabla na baada ya ukarabati itajwe. Anayetandika vitanda aonekane akitandika, na jina lake liandikwe mwishoni pamoja na la mbunifu wa mapambo. Hakuna hata kimoja katika hivyo kitakachopunguza raha ya mlango kufunguliwa.

Nawe mtazamaji, endelea kutazama. Furahia godoro jipya na milango ya waridi. Ila kila mlango unapofunguliwa, jiulize nani alikuwa na ufunguo wake mwaka jana na usiku huu amelala wapi.